Kachumbari Yenye Ngano Ndani

Mama mkwe alitafuna kijiko cha kwanza taratibu, akasita, akageuza kitu shavuni kwa ulimi, kisha akauliza kwa upole wa watu wa Unguja, ule upole unaotisha kuliko makaripio:

"Mwanangu, kachumbari hii uliipembua?"

Mkekani palikuwa na watu saba, sinia la pilau ya ng'ombe, na bakuli la kioo lililotolewa kabatini kwa heshima ya siku hiyo. Aliyeulizwa ni mwanamume wa Dar es Salaam mwenye umri wa kutosha kujua kwamba pilau haina shida na mtu, na ambaye kwa bahati mbaya ana jina moja, nyumba moja na mke mmoja na mwandishi wa makala haya. Hapa ataitwa mwenye mkasa, ili aibu ibaki kwake.

Ndani ya bakuli mlikuwa na tabule, au ndivyo alivyowatangazia wageni. Tabule ni chakula cha Lebanoni na nchi za Shamu kwa jumla: majani ya pasli yaliyokatwa membamba sana, nanaa, nyanya, vitunguu majani, maji ya limau, mafuta ya zaituni, na bulguri, yaani ngano iliyopasuliwa. Jina lake limetoka kwenye neno la Kiarabu la kukoleza viungo. Huliwa ikiwa baridi, pembeni ya vyakula vingine, na wenyewe mara nyingi huichota kwa jani la letusi au la kabichi badala ya kijiko. Mtu wa Pwani akisikia orodha hiyo humwona ndugu yake mara moja: kachumbari. Hapo ndipo mwenye mkasa alipoanza kupotea. Kachumbari anaijua tangu utotoni, na anayejiona fundi hasomi maelekezo mara mbili.

Upotevu wenyewe ulianzia sokoni. Alifika saa nne asubuhi, jua limeshakasirika, akaulizia pasli. Muuza mboga akamkabidhi mafungu matatu ya giligilani bila kupepesa macho.

"Hii si giligilani?"

"Bosi, hawa ni mtu na mdogo wake."

Kwa mtaalamu wa mimea, muuzaji hakusema uongo. Pasli na giligilani ni wa ukoo mmoja, ukoo wa karoti, na ukiziweka meza moja inabidi uzinuse ndipo uzitofautishe. Lakini paka na simba nao ni wa ukoo mmoja, na hakuna anayefuga simba wa kukamata panya. Giligilani ndani ya chatne ni malkia. Tatizo lake ni kwamba haijui kukaa na wenzake. Pasli ni mpole, unaweza kuitafuna bakuli zima kama mboga. Giligilani mbichi mafungu matatu ni adhabu ya shule ya bweni.

Alirudi nyumbani ameridhika. Bado ngano.

Kabatini palikuwa na pakiti ya ngano iliyovunjwavunjwa, ile wanayoiita dalia kwenye maduka ya Wahindi, aliyoinunua mke wake kwa ajili ya uji. Kwa macho, dalia na bulguri hutofautiana kwa rangi kidogo tu. Video iliyokuwa inamwongoza kwenye simu ilisema bulguri ya tabule haipikwi, inalowekwa tu dakika ishirini. Akailoweka dakika ishirini. Akaionja, ikalia chini ya jino kama changarawe. Akaongeza dakika ishirini nyingine, kisha wageni wakabisha hodi, na kama wafanyavyo wapishi wengi waliobanwa, akaamua kwamba ugumu ule ndio utamu wenyewe.

Kumbe siri ya bulguri si kupasuliwa. Bulguri ni ngano iliyokwisha kupikwa. Vijijini Lebanoni, kiangazi kikielekea ukingoni, familia huchemsha ngano nzima kwenye masufuria makubwa nje ya nyumba, na watoto huzunguka moto wakisubiri bakuli la ngano ya moto yenye sukari. Kisha ngano ile huanikwa juu ya mapaa hadi ikauke kabisa, ndipo inapelekwa kusagwa na kuchekechwa kwa ukubwa. Maana yake, ikifika jikoni inachosubiri ni maji tu, kama zile tambi za pakiti za wanafunzi wa hosteli. Dalia haijawahi kuona moto. Uiloweke asubuhi hadi adhuhuri, itabaki ngano mbichi iliyolowa.

Basi swali la mama mkwe lilikuwa la haki.

Lakini hata hilo lingesahaulika kama si mafuta. Dakika tano kabla ya kuandaa, mwenye mkasa aligundua kwamba hakununua mafuta ya zaituni. Akakumbuka chupa ya kijani iliyokuwa chumbani, kwenye meza ya kioo, imeandikwa "zaituni" kwa herufi kubwa. Nyumba nyingi za mjini zina chupa ya namna hiyo, na kazi yake ni nywele na kukandia watoto wachanga. Nyingine ni zaituni tupu, nyingine zimetiwa marashi. Hii ilikuwa ya pili. Mwenye mkasa hakuinusa, kwa kuwa pua yake ilikuwa bado imetekwa na giligilani. Shemeji yake, msichana wa chuo asiyejua kuficha neno, aliinamia bakuli, akavuta pumzi, akasema: "Shemeji, mbona inanukia saluni?"

Pilau ililiwa ikaisha. Bakuli la kioo lilirudi jikoni kama lilivyotoka, pungufu ya vijiko viwili.

Kwa kawaida mkasa wa namna hiyo ungezikwa Jumapili hiyohiyo. Ila ukoo una kundi la WhatsApp, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imevuka bahari. Shemeji mwingine, mkubwa, anaishi Maskati, ambako Wazanzibari wengi wana jamaa, na anaijua tabule vizuri. Alicheka kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, kisha akaahidi msaada. Alipokuja likizo alileta mifuko miwili ya bulguri, mmoja umeandikwa namba 1 na mwingine namba 4. Namba hizo si ubora, ni ukubwa wa chenga. Namba 1 ni laini karibu kama chenga za mchele, na ndiyo ya tabule. Namba 4 ni nene, ya kupikwa kwa supu na vitunguu kama wali.

Awamu ya pili ilikuwa na kila kitu sahihi: pasli ya kweli, iliyonuswa mara tatu mbele ya muuzaji, limau, chupa ya zaituni iliyonunuliwa kwenye rafu ya vyakula. Kilichobaki kibaya kilikuwa mtu.

Kwanza alitumia blenda. Kukata pasli kwa kisu ni kazi ya nusu saa, na yeye alikuwa na mechi ya saa kumi. Kwenye blenda majani hayakatwi, yanapondwa. Maji yake yanatoka, na baada ya sekunde kumi alikuwa na rojo la kijani linalofaa kupakwa kwenye samaki. Pili, aliona bulguri ni kidogo. Huyu ni mtu aliyekuzwa na ugali. Akiona nafaka ndani ya chakula huamini kwamba nafaka ndiyo chakula na vingine vyote ni kitoweo. Alimimina vikombe vitatu. Bulguri ikilowa huvimba mara mbili hadi tatu, na mwenye mkasa alihama kutoka bakuli kwenda sufuria, na kutoka sufuria kwenda beseni lile la kuoshea vyombo. Tatu, alitia chumvi saa tano asubuhi kwa chakula cha saa nane. Anayejua kachumbari anajua chumvi inavyomnyang'anya nyanya maji yake. Hadi mlo unaandaliwa, juu ya beseni kulikuwa na saruji ya kijani na chini yake kidimbwi.

Mama mkwe safari hii hakuuliza kitu. Alisema tu, "Allah akupe nguvu, mwanangu," akaomba pilipili.

Kuhusu wingi wa ngano, mwenye mkasa asijione yuko peke yake. Ufaransa, dukani, kinachouzwa kwenye vikopo vya plastiki kwa jina la tabule ni kuskusi tele iliyotiwa alama za kijani hapa na pale, na Wafaransa wanaipenda vilevile. Waturuki wana kisiri, bulguri laini iliyokolezwa nyanya ya kopo na kuwa nyekundu, na hiyo ngano ndiyo mwenye mji, lakini wao angalau wameipa jina lake. Kwa Mlebanoni mambo ni kinyume. Tabule ni majani, na bulguri ni mgeni anayekaribishwa kunyonya maji ya limau na nyanya yasichuruzike. Ukiitazama kwa mbali inapaswa kuwa ya kijani, si ya kahawia. Nao wako makini na jambo hili: tangu 2001 tabule ina siku yake ya taifa huko, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai. Na mwezi wa Oktoba 2009, katika ugomvi na Israeli juu ya nani mwenye humusi, lile rojo la dengu, wapishi wa Beirut walitengeneza humusi ya zaidi ya tani 2 kwa ajili ya kitabu cha rekodi za dunia, na kesho yake wakarudi na tabule ya zaidi ya tani tatu na nusu. Mtu hujiuliza ni nani aliyekata pasli ile yote, na kama walimruhusu karibu na blenda.

Awamu ya tatu ilisimamiwa. Shemeji wa Maskati aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kikombe cha kahawa mkononi, akitoa amri kama nahodha.

"Osha kwanza. Sasa kausha. Kausha, baba! Jani likiwa na maji kisu kinaliponda."

Mwenye mkasa akafunga pasli ndani ya kanga kuukuu ya mke wake, akatoka uani, akaizungusha hewani kama mtu anayefukuza kunguru. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akarudi ndani bila salamu. Kisu kilinolewa. Majani yakakusanywa shada moja, yakakatwa mara moja kwenda mbele, bila ule ugonjwa wa kurudiarudia kukatakata. Mafungu makubwa matatu yalichukua dakika arobaini, na mechi iliendelea bila yeye.

Bulguri aliyopimiwa ilikuwa vijiko vitano vya kulia. Vitano! Aliangalia sahani kama mtu aliyepunjwa mshahara. Wala haikulowekwa majini. Iliwekwa chini ya bakuli, nyanya zilizokatwa ndogondogo zikamwagwa juu yake pamoja na maji ya malimau mawili, ikaachwa ijinyonyee yenyewe. Vitunguu majani, nanaa na pasli vilifuata. Chumvi na zaituni vilisubiri hadi watu wamenawa mikono.

Wakati huo huo, kwenye jiko la mkaa uani, mama mkwe alikuwa na shughuli yake. Mfuko wa namba 4 ulikuwa umekaa kabatini bila mwenyewe, na mwanamke wa Unguja haachi ngano ikae bure. Alishaichemsha na kuku hadi ikalainika, sasa alikuwa ameibana sufuria kwa miguu na anaiponda kwa mwiko, anaivuta, anaigeuza, jasho linamtiririka, hadi nyuzi za kuku na ngano zikawa kitu kimoja kinachonata. Ni boko boko. Kwa kawaida hutaka ngano nzima na muda mrefu wa moto, lakini hii ilishachemshwa na Waarabu, alisema, nusu ya kazi wamemfanyia.

Boko boko likaja katikati ya mkeka, limetandazwa kwenye sinia, samli imetengeneza ziwa juu yake na vitunguu vya kukaanga vimetapakaa pwani. Mikono saba ikaelekea huko. Bakuli la kioo liliwekwa pembeni, karibu na ndizi mbivu na jagi la maji, na kwa robo saa hakuna aliyelitazama isipokuwa aliyelitengeneza, ambaye alikuwa analitazama sana.

Boko boko ni zito, na samli ni nzito zaidi. Mama mkwe alipofika nusu ya sehemu yake aliegemea ukuta, akapumua, akafuta vidole.

"Baba," alisema, "hebu nisogezee hiyo kachumbari."

Akaichota kwa jani la letusi alilofundishwa na mwanawe. Akatafuna. Akachota tena. Mara ya tatu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama afanyavyo anapodai chombo chake jikoni.

"Na ndimu. Na pilipili mbuzi, mbili."

Shemeji wa Maskati alifungua mdomo kueleza kwamba tabule haitiwi pilipili mbuzi. Mwenye mkasa alimkanyaga mguu, akakimbilia jikoni.