Thelathini na Nane

Nikisema kazi yangu ni kuchapa mifuko ya karanga, watu hunipa pole ya umeme kukatika na ya wateja wasiolipa. Ahsanteni, hizo nimeshazizoea. Kinachonimaliza siku hizi ni daini.

Daini ni kipimo cha kani, tena kani ya kutafuta kwa miwani. Ukiwa na gramu moja, daini moja inatosha kuiongezea mwendo wa sentimita moja kwa sekunde, kila sekunde. Mbu wa miligramu mbili na nusu akitua mkononi mwako anakukandamiza kwa daini mbili na nusu hivi, wala husikii. Kinachokuamsha usiku ni kelele zake, siyo daini zake. Sasa mimi, mtu mzima mwenye mashine ya rangi nne na wajukuu, nakosa usingizi kwa jambo ambalo hata mbu halimhusu.

Limeingiaje karakana? Nailoni ikizaliwa huwa haitaki wino. Ukiichapa hivyo hivyo, jina la mteja linabanduka kwa ukucha, na mteja anabanduka nalo. Ndiyo maana kiwandani huipitisha kwenye cheche za umeme ili uso wake ukubali kulowana, halafu roli linatufikia na karatasi yake: 38. Hizo ni daini kwa kila sentimita. Sisi tunachukua kalamu ya majaribio yenye namba hiyo, tunapiga mstari juu ya nailoni. Mstari ukitulia sekunde mbili, chapa. Ukijikunyata ukawa vitone, usichape, maana roli limelala ghalani mpaka dawa ya cheche imeisha nguvu. Utaratibu safi, hauhitaji shahada.

Mpaka lilipoletwa roli la muuzaji mwingine, limeandikwa 38 milinyutoni kwa mita.

Fundi wangu ni kijana mwenye cheti, na ana maradhi ya wenye vyeti: hawezi kuona vipimo viwili tofauti akavipita bila kuvisuluhisha. "Mzee, hatuwezi kuwasha mashine mpaka tubadilishe." Mashine ikakaa kimya. Mama mwenye karanga naye alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akingoja mifuko yake iende Mbagala.

Kijana akauliza simu. Simu ikajibu kwamba daini moja ni nyutoni 1e-5. Naomba nielezwe, hiyo e inafanya nini katikati ya namba? Enzi zetu herufi kwenye hesabu zilijulikana, x na y, na zilikaa upande wao. Akanifafanulia kwamba maana yake ni sehemu moja ya laki moja: 0.00001, au ukipenda mikronyutoni kumi. Sikupenda, lakini tayari alikuwa kwenye ubao wa oda, amefuta jina la mteja mmoja mwenye deni ili apate nafasi ya sifuri. Thelathini na nane gawanya kwa laki, upate nyutoni. Zidisha kwa mia, maana mita ina sentimita mia. Zidisha kwa elfu, maana tunataka mili. Akahesabu sifuri kwa kidole, akafuta, akarudia. Akageuka.

"Imekuwa ngapi, mwanangu?" Mama akauliza.

"Thelathini na nane, mama."

"Na mwanzo ilikuwa ngapi?"

Kijana akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu.

Nilipofoka, akanitolea NASA. Eti mwaka 1999 walipoteza chombo kilichokuwa kinafika Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za misukumo midogo midogo ya chombo kwa kani ya ratili, na wengine wakazisoma kama za nyutoni. Ni kweli, najua habari hiyo. Lakini wale walipishana mara nne na nusu karibu. Sisi tumepishana mara moja. Halafu wao walikuwa wanakwenda Mirihi, sisi tunakwenda Mbagala.

Wa kulaumiwa ni wazee wa vipimo. Daini ilipendekezwa na wanasayansi wa Uingereza mwaka 1873. Nyutoni ikapewa jina lake rasmi na mkutano mkuu wa vipimo mwaka 1948. Kwa ustaarabu wa kawaida, mwenye nyumba mpya akihamia, wa zamani anafungasha. Daini haikufungasha. Ilitoka shuleni, ikaenda kujificha kwenye viwanda vya plastiki, na huku ndiko imeoa na kujenga.

Na lipo kundi jingine, la wanaopima kani kwa gramu. Kwao gramu moja ni daini 980.665, mvutano uliopangwa mwaka 1901 kwa kukadiria mahali palipo nyuzi 45 kutoka ikweta. Sisi huku Dar dunia inatuvuta kwa upole zaidi, kama 978. Yaani katika kila gramu tumepunjwa daini mbili na ushei kwa zaidi ya miaka mia, na hakuna mbunge aliyesimama kuuliza swali la nyongeza.

Fundi anasema nishukuru, wapo wanaohangaika na pikonyutoni. Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo kinesini, inabeba mizigo kwa miguu miwili kama mchukuzi wa Kariakoo, na ikifika pikonyutoni sita hivi mzigo unaishinda. Wataalamu huipima kwa kunasa mzigo wake kwa mwanga wa leza, ufundi uliompatia Arthur Ashkin tuzo ya Nobeli mwaka 2018. Kwa daini ni 0.0000006, hiyo nayo imeandikwa ubaoni, juu ya jina la mdaiwa mwingine. Na mwaka 2022 mkutano uleule wa vipimo ukaongeza viambishi vya vipimo, ronto na kwekto, vidogo kuliko vyote vilivyokuwapo. Kuna mtu alikaa kitini akaona sifuri tulizonazo hazitoshi.

Mifuko ya Mama ilichapwa jioni, wino ukashika barabara. Nikaamuru kwamba kuanzia sasa tunanunua nailoni yenye 38 tu, iwe ya nani iwe ya nini, na hesabu marufuku saa za kazi.

Wiki hii limeshushwa roli jipya. Fundi akalizunguka, akainama kusoma karatasi, nikamwona mkono unaelekea mfukoni kwenye simu. Hili limeandikwa milijuli kwa mita ya mraba.

"Namba ngapi?" nikamwuliza.

"Thelathini na nane, mzee. Lakini hii si kani tena, hii ni nishati. Nipe dakika kumi tu."

Nimeficha chaki.