Utukufu wa Redio ya Inchi Tisa

Gari lililotumika Japani hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam likiwa na kasoro moja kubwa: redio yake ni nzima. Haizimiki njiani, hainyonyi betri, haiwaki usiku wa manane. Ubaya wake ni kwamba ilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, ambayo kwa magari mengi ya umri huo ni 76 hadi 90. Kwa hiyo inaipata Wasafi FM kwenye 88.9, inajongea hadi 90, halafu inagota. EFM ya 93.7 haiijui. Times FM ya 100.5 haijawahi hata kuambiwa. Kama ina ramani, ni ya barabara za Japani, na betri ikichomolewa mara moja tu, skrini inadai namba ya siri kwa maandishi ambayo mtaa mzima hakuna wa kuyasoma.

Mkombozi yupo Kariakoo, ndani ya boksi. Ni redio ya Android, kioo cha inchi tisa, na muuzaji anaapa kwamba inaingia kwenye gari lolote. Makala haya yanaisifu, maana waliokwisha kuifunga wengi wao wameishia kuitukana, na hiyo si haki.

Inapendeza, hilo halina ubishi. Inamzoesha dereva kuishi bila upepo wa katikati wa AC, kwa kuwa kioo kimekaa mbele ya matundu. Ina moyo wa matumaini pia: kuna zinazoamka kila asubuhi zikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari, na stesheni zote za jana zimezisahau kabisa, kama mtu aliyetubu.

Lakini sifa inayozipita zote ni ujirani. Nyuma ya redio kuna nyaya mbili zinazostahili heshima. Wa njano unabeba umeme saa zote, ili redio isisahau saa wala stesheni. Mwekundu unatakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Fundi mwenye haraka huzisokota zote mbili pamoja kwenye umeme usiozimika, akazungushia tepu nyeusi, akapokea hela yake. Tangu hapo redio hailali. Tuseme inanyonya nusu ampea tu. Betri ndogo ya ampea-saa 35 itakauka kwa saa 70, na uwezo wa kupiga stata utakwisha mapema zaidi. Gari limeegeshwa Ijumaa jioni; Jumapili asubuhi, familia imeshavaa kwa ajili ya misa, ufunguo unazungushwa na kinachosikika ni "tik" moja.

Hapo ndipo utu unapoanza. Toyota IST ni otomatiki, haiwashwi kwa kusukumwa, kwa hiyo mwenye gari hana budi kwenda kugonga geti la mtu akiwa na nyaya za kubustia mkononi. Mtu aliyekuwa akipita mtaani na vioo juu sasa anajua kwamba mwenye Noah ni mwalimu mstaafu, kwamba mwenye Hilux haamki kabla ya saa mbili, kwamba kijana wa bodaboda anajua kufunga hasi na chanya kuliko wote. Anawaamkia wazee. Hakosi msiba hata mmoja, maana hujui ni lini utaihitaji Noah. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka Watanzania waishi kindugu. Lilichokosa ni waya wa njano.

Kifaa hiki kina nasaba pia. Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, waliingiza sokoni redio ya gari waliyoiita Motorola. Inasimuliwa kwamba Paul, akitafuta mkopo, alimfungia redio hiyo mtu wa benki kwenye Packard yake, na haikuchukua muda gari likashika moto. Anayenusa plastiki ikiungua chini ya dashibodi yake basi ajue anaendeleza mila ya zamani.

Ila Galvin alikuwa na udhuru: alikuwa anaanza. Leo kuna soketi ya kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye plagi ya Toyota, mwingine kwenye redio, na mara nyingi imo ndani ya boksi lile lile. Fundi anaitupa pembeni, anakata plagi ya kiwandani kwa wembe, anachuna nyaya kwa meno na kuunganisha kwa kufananisha rangi. Rangi! Kwenye Toyota nyingi umeme wa saa zote hupita kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, na wa ufunguo ni wa kijivu. Mchoro wa nyaya za redio umebandikwa juu ya redio yenyewe, na ameshaisukumia ndani bila kuusoma. Huu si ufundi, ni uharibifu wa kulipiwa. Ukirudi kulalamika atakwambia, "Betri yako imechoka, bosi."

Hata hivyo wembe haujitumi wenyewe. Kuna waya mwingine mwembamba, kwenye Pioneer na Kenwood huwa wa kijani hafifu, unaotakiwa kwenda kwenye swichi ya breki ya mkono ili video isionekane gari likitembea. Mteja, akiwa amesimama mlangoni na soda yake, ndiye anayesema, "Fundi, na huo ufunge bodi." Ukishafungwa, redio inaamini gari limeegeshwa, hata likiwa Barabara ya Morogoro kwa kilomita 80 kwa saa, likila mita 22 kila sekunde, dereva akitazama video ya singeli. Japani, gari lilikotoka, walikaza adhabu za kukodolea skrini ukiendesha mwezi Desemba 2019.

Huku trafiki hulisimamisha na kulizunguka kwa makini. Anaomba leseni. Anatafuta stika ya usalama barabarani. Anataka pembetatu, anataka mtungi wa kuzimia moto, anataka tarehe ya mtungi. Kisha anainamia dirishani, uso ukimulikwa na video, na kumwomba dereva apunguze sauti ili wasikilizane kuhusu huo mtungi.