Jinsi ya Kulinda Saiba ya Kariobangi kwa Leseni Moja

Una kompyuta nane na antivirusi moja ya kulipia. Usihangaike.

Leseni iende kwenye mashine ya mwenye saiba, ile ya konani yenye kiti cha kuzunguka. Kazi yake ni mechi za Arsenal na hesabu za jioni. Haijachomekwa flashi ya mgeni tangu inunuliwe, kwa hivyo ripoti yake itapendeza: virusi sufuri mwaka mzima. Bosi atakusifu.

Wahenga walisema mkubwa ni jaa. Hapa kwetu jaa ni mashine ya printa, nayo iache uchi. Fundi wa Light Industries anaingia na grisi hadi viwikoni, anachomoa flashi iliyofungwa pamoja na funguo: "Kijana, nitolee hii kwotesheni kopi mbili." Unaichomeka, folda zote zinageuka shotikati. Unahangaika nazo, unaprinti, unapokea shilingi zako ishirini. Anayefuata ni mwalimu na mtihani wa muhula. Ataondoka na kirusi cha fundi hadi ofisi ya walimu, na hutamtoza hata ndururu. Wanaopiga hesabu za mitandao wanasema kinga zikiwa chache, zianze pale panapopitiwa na wengi. Hao hawajawahi kukutana na bosi wako.

Folda ya pamoja ifungulie mashine zote nane, bila nywila. Mteja wa skani hapendi kungoja.

Updeti zima kabisa. Zinakula bando, na zikiamua kuja zitakuja 30 Juni, foleni ya ritani za KRA ikiwa imefika kwa muuza smokie.

Ukiulizwa kuhusu WannaCry, ile programu hasidi, sema hiyo ilikuwa shida ya hospitali za Uingereza. Kweli iliziangusha, Ijumaa ya 12 Mei 2017, kisha ikaingia nchi kama 150. Haikungoja flashi ya mtu. Mashine moja ikiugua, ilibisha kwa jirani kupitia mlango uleule wa kushirikishana faili, ikafunga kila kitu na kudai dola 300 kwa bitcoin. Updeti ya kuziba mlango huo ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu 14 Machi, bure.