Theluji ya Vipande Elfu

Mtu aliyekwama London siku ya Krismasi, ambapo magari ya moshi hayatembei na aghalabu ya maduka yamefungwa, hana budi kuipokea starehe yoyote apewayo na wenyeji wake. Na shemeji yangu, ambaye ni mtu wa taratibu asiye na uadui na yeyote, alituletea fumbo la picha la vipande 1,000.

Asili ya mchezo huu ni ilimu. Mchora ramani mmoja wa mji ule ule, John Spilsbury, katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya ubao wa mkangazi, akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Nao watoto wale nawahusudu, kwani Ufaransa hata ukiigeuza haifanani na Hispania, ilhali sisi tulipewa theluji.

Picha yetu ilikuwa ile ya wawindaji wakirejea na mbwa wao, kazi ya Pieter Bruegel ya mwaka 1565. Kingo zilikubali, wawindaji wakasimama, mbwa wakapata mikia. Walakini fundi yule, kwa sababu aijuaye mwenyewe, mbingu na mabwawa yaliyoganda alivitia rangi ile ile moja ya kijani iliyofifia, hata kipande ulichokishika hukujua kama ni cha kurukiwa na ndege au cha kutelezewa na watoto.

Hapo ndipo tabia za watu zilipodhihirika. Dada alijitwalia pembe ya kinu cha maji, na aliyepeleka mkono huko aliulizwa kwao wapi. Shemeji alikigongomea kipande kwa ngumi mahali pasipo pake, kisha akashikilia kwamba waliokosea ni wenye kiwanda. Mama, aliyekwisha kutoa hukumu tangu asubuhi kwamba huu ni upuuzi wa watu wasio na kazi, kila alipopita na sinia ya chai alitia kipande mahali pake kwa mkono mmoja, asikae wala asiangalie mara ya pili, akaenda zake. Na hapana limuudhilo mtu aliyeinamia meza tangu adhuhuri kuliko jambo hilo.

Usiku yakabaki mapengo matatu na kisanduku kitupu. Tulikunja zulia, tukapasua mfuko wa mashine ya kufagilia, tukampekua mtoto aliyekwisha lala. Ndipo shemeji akakohoa, akatoa kipande katika mfuko wa shati, akieleza kwa adabu kwamba alikiweka amana ili apate heshima ya kutia cha mwisho. Dada akamtolea maneno yasiyofaa kunenwa siku ya sikukuu. Alipokwisha, akafundua pindo la kanga akatoa cha kwake. Macho yetu sote yakamwelekea mama, naye akauliza kama kuna atakaye chai.