Potamia Tatu, Raba Moja

Watalii wengi huenda visiwa vya Ugiriki Julai na Agosti, jua likiwa kali na hakuna hata tone la mvua. Mimi nilikwenda Novemba. Nauli imeshuka, fukwe ni tupu, na mwenye hoteli anakufungulia mlango mwenyewe kwa sababu wafanyakazi wameshakwenda likizo. Nikasikia pia kwamba mvua za huko huanza mnamo Oktoba na Novemba, wakati uleule wa vuli yetu, nikajiona mwenyeji kabla sijapanda meli. Mtu aliyekulia Tanga atafundishwa nini na Mgiriki kuhusu matope?

Kisiwa chenyewe ni Naxos, kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades. Kina mabonde yenye maji na mlima wa kweli, Zas, unaopita mita 1,000. Dada yangu anaishi Athens miaka mingi na Kigiriki anakiongea mpaka anagombania bei nacho. Alikubali kunisindikiza kwa sharti kwamba kutembea nitatembea mimi.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi teksi ikatushusha katika kijiji cha Potamia ya juu, dada akaingia mgahawani moja kwa moja na kuagiza horta. Hayo ni majani ya porini, yamechemshwa yakamiminiwa mafuta ya zeituni na limau, na uchungu wake unamkumbusha mchunga aliouacha nyumbani. Akaniambia, "Kaka, njia zimelowa. Ngoja jua lipate nguvu kidogo."

"Dada, mvua imeanza lini kunizuia kwenda shamba?"

"Shamba la kwetu lina mchanga," akasema, akachovya mkate.

Nilikuwa nakwenda Flerio, ng'ambo ya kilima, kumwona kouros. Kouros ni sanamu ya kijana aliyesimama wima, na Wagiriki wa kale walichonga nyingi. Huyu wa Flerio ni wa karne ya 6 KK na urefu wake unapita mita 5, ila kusimama hakuwahi. Kalala chali bustanini, mguu umevunjika. Inadhaniwa alivunjikia njiani wakati wanamtoa machimboni, mafundi wakamwacha palepale. Nilizisoma habari hizi usiku, kitandani, miguu ikiwa mikavu.

Niseme ukweli kuhusu uzuri wa mahali pale, maana baadaye nitalalamika. Baada ya kiangazi kirefu kilichokausha kila kitu, mvua za kwanza huamsha ardhi. Majani mabichi yanachipua chini ya mizeituni, na kwenye nyufa za mawe yanatokeza maua madogo ya waridi, saiklameni, kama vile mwamba umeamua kuvaa kanga. Hewa inanukia mimea ya viungo iliyolowa. Wagiriki wanaziita siku hizi mwanzo wa baridi, lakini ukiangalia chini unaona kila kitu ndiyo kwanza kinaanza kuishi.

Nami nilikuwa naangalia chini, ndiyo. Tatizo ni kwamba Naxos ni kisiwa cha marumaru, na njia za zamani za punda zimetandikwa mawe ya hukohuko. Marumaru ikilowa haina mgeni wala mwenyeji. Mguu wa kulia ulikwenda Flerio, wa kushoto ukabaki Potamia, mimi nikashika ukuta wa pembeni. Kuta zile hujengwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo, na ustadi wa kuzijenga uliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2018. Jiwe moja la urithi likanifuata mpaka chini. Nikalirudisha haraka, nikalipangusa, nikatazama huku na huku. Shahidi alikuwa mbuzi mmoja tu, naye aliendelea kutafuna.

Mbele kidogo nikamkuta mama mmoja na ndoo, ameinama chini ya ukuta akiokota konokono. Nikamhurumia, nikadhani wanamlia mboga zake. Baadaye dada akanieleza kwamba mvua ikikatika watu hutoka kuwatafuta, na ile ndoo ilikuwa chakula cha jioni. Nashukuru kwamba sikujitolea kumsaidia kuwatupa.

Kisha njia ikagawanyika. Tawi moja lilipanda kilimani, jingine lilishuka taratibu kufuata kijito. Palikuwa na mzee ameketi na fimbo yake. Nikamwamkia kwa neno nililofundishwa, nikaonyesha kule kwenye mteremko, nikauliza, "Kouros?" Mzee akainua nyusi, akatupa kichwa nyuma kidogo, akagonga ulimi: ntsu. Kwetu mtu akikuinulia nyusi na kichwa, ameshakukubalia. Ule mlio nikaudhania ni jino linamsumbua. Nikamshukuru, nikateremka.

Baada ya mwendo mzuri tu nikatokea kijijini. Kibao kinasema Potamia. Nikajua nimezunguka na kurudi nilikotoka, ingawa mgahawa sikuuona wala dada sikumwona. Nikashika tena kijito, nikaongeza mwendo, nikavuka tope lililoninyang'anya soli ya raba ya kushoto. Ilibanduka yote, ikabaki nyuma imesimama wima, jambo ambalo kouros hakuliweza. Nikachechemea hadi kijiji kingine. Kibao: Potamia.

Nikapiga simu.

"Dada, hiki kijiji kinanifuata."

Alicheka mpaka nikasikia mtu mwingine mgahawani akimuuliza kuna nini. Kumbe Potamia ni tatu, ya juu, ya kati na ya chini, zimefuatana katika bonde moja. Nilipomsimulia habari za mzee na nyusi zake, akacheka upya. "Kaka, hiyo ndiyo hapana yao! Mzee wa watu amekukataza vizuri kabisa, na wewe ukamshukuru!"

Akaja na teksi. Tukazunguka kwa barabara hadi Flerio, mimi nikiwa nimekalia gazeti kwa amri ya dereva.

Kouros yupo, kalala kwenye majani mabichi, maji ya mvua yamemtuama kifuani. Hana aibu hata kidogo. Huko kaskazini, Apollonas, kuna mwenzake wa zaidi ya mita 10 ambaye naye hakumaliziwa, na bandarini unapokewa na Portara, mlango wa hekalu lililoanza kujengwa karibu mwaka 530 KK likaishia njiani. Kwetu nyumba ikikwama kwenye lenta, majirani wanapata la kusema miaka kumi. Naxos wamekwama mara tatu, na wanaweka picha zake kwenye kadi za posta. Hapo nawapa heko.

Dada alimtazama kouros, akautazama mguu wangu wenye soksi iliyojaa tope. "Huyu angalau alikuwa anabebwa na watu," akasema.

Kwa mwenye nia ya kwenda: kumwona kouros ni bure. Teksi si bure, na dada yangu bado ananidai.