Godoro la Bluu Porini Ugalla

Wiki tatu nzima nilikuwa nachagua kitu cha kulalia, na safari yenyewe ilikuwa ya usiku mmoja.

Shemeji yangu alikuwa anakwenda kununua asali kwenye vilima vya magharibi ya Ugalla, kuelekea Bonde la Issa. Akaniomba nimsindikize: tulale ndani ya gari, asubuhi tupakie ndoo, turudi Mpanda. "Shemeji, we beba mkeka na blanketi tu," aliniambia kwenye simu.

Mkeka ninao, wa ukindu, unaotoka kabatini pakiwa na msiba. Nilijilaza juu yake sebuleni kwa majaribio. Baada ya nusu saa mke wangu akanisaidia kuinuka. Jamvi ndilo gumu zaidi. Godoro la sponji la inchi nne lingejaza gari, na ndoo za asali zingekaa mapajani mwetu. Ndipo muuzaji mmoja aliponitolea godoro la kupuliza, la bluu iliyokoza, limekunjwa hadi kuingia kwenye begi la shule. "Hili, bosi, ni kama kulala juu ya wingu." Sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kulala juu ya wingu, lakini nililipa, na pampu juu.

Tulifika saa kumi jioni, mwezi wa saba, nyasi zimekauka kabisa. Mwenyeji wetu, mzee mrina asali, alikuwa ameshawasha moto. Nikachomeka pampu kwenye gari, nikalitandaza godoro chini, likaanza kuvimba. Nikasimama katikati yake kulijaribu kwa mguu.

Ndorobo wakaja.

Anayewajua ndorobo, yaani mbung'o, anajua kwamba kanga na shati si kitu kwao. Wanachoma hata kupitia nguo. Nilichokuwa sijui mimi ni kwamba wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vile vitambaa vinavyotundikwa mitini kwenye hifadhi ni mitego yao, bluu na nyeusi, vimepakwa dawa. Nami nilikuwa nimevaa fulana nyeusi, nimesimama juu ya bluu ya futi sita kwa nne. Kilichokosekana ni dawa tu. Mzee alinipa pole kwa adabu, kisha akaenda nyuma ya mti kucheka.

Godoro likagoma kupita mlangoni. Tukalitoa upepo, tukaliingiza, tukalijaza upya humo humo, pampu ikinguruma kama mashine ya kusaga. Shemeji ana kilo mia na ushee, mimi sina hata sabini. Alipolala upande wake, mimi nilipanda hadi pua ikagusa dari. Alipogeuka nikashuka. Kila mmoja akijikuna, plastiki inalia.

Saa nane usiku baridi ikaanza kutokea chini. Siyo juu, chini! Hewa iliyofungiwa kwenye uwazi mkubwa kiasi kile huzunguka, inachukua joto la mgongo wako na kulipeleka kwenye bati la gari. Ndani ya sponji, au ndani ya nyasi kavu, hewa imenaswa kwenye vijitundu na haina pa kwenda. Fizikia hii nilifundishwa kidato cha pili; niliielewa usiku ule. Saa kumi alfajiri wingu likawa limeishiwa upepo, na mimi nimelalia kishikio cha mkanda wa gari. Mwiba. Mmoja tu, mfupi kuliko kijiti cha kiberiti.

Nje, mzee alikuwa amelala juu ya rundo la nyasi lililofunikwa kwa gunia, anakoroma.

Kulipokucha alinionyesha juu ya mti, ng'ambo ya korongo, fundo la matawi yaliyosukwa. "Kitanda cha sokwe, mwanangu. Hajaenda dukani."

Niliporudi mjini nilisoma habari za vitanda hivyo, kwa wivu. Sokwe hujenga kipya kila jioni, kwa dakika chache. Mwaka 2018 watafiti kutoka Marekani walichapisha matokeo ya kupima viota 41 hapo hapo Bonde la Issa. Kwenye vitanda vyetu, kama asilimia 35 ya bakteria hutoka miilini mwetu. Viotani bakteria wa namna hiyo karibu hawakuwapo. Viroboto na wenzao? Jumla walipata wanne. Kule Toro-Semliki, Uganda, vilihesabiwa viota 1,844, na karibu robo tatu vilikuwa kwenye muhimbi, mti usiofika hata mmoja kati ya kumi katika msitu ule. Matawi yake ni magumu, hayabonyei ovyo. Kumbe hata sokwe hataki kulala juu ya wingu.

Asubuhi ile gari halikuwaka. Pampu ilikuwa imenywa betri yote. Tulilisukuma watatu kwenye mchanga, shemeji akihesabu moja-mbili-tatu bila kunitazama usoni.

Godoro bado ninalo. Lina kiraka kimoja, rangi yake haijapauka. Mwenye watoto wanaojifunza kuogelea aje alichukue bure, na pampu yake. Ila asije kulichukua amevaa nyeusi.