Sifa za Laptopu Iliyotoka kwa Fundi

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, na madereva wa malori bado wanasifu magari yaliyokwisha kufa, ilimradi yaliwahi kupanda mlima Sekenke. Sijamsikia hata mmoja akiisifu laptopu ya gemu iliyokwenda kwa fundi na ugonjwa mmoja ikarudi na mitatu. Basi naisifu mimi, tena hadharani.

Kama ilivyo ada ya sifa, tuanze na nasaba, watu wasije wakadhani huu ni ugonjwa wa makabwela. Julai 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine za Xbox 360 zilizokuwa zikiwasha taa nyekundu na kukata roho, ikarefusha dhamana yake hadi miaka 3. Julai 2008 ikafuata Nvidia: dola milioni 150 hadi 200 kwa chipu za picha zilizokuwa zikiharibika ndani ya laptopu. Chipu inapata moto, inapoa, inapata moto tena, na vile viunganishi vyake vidogo vinachoka mpaka vinaachia. Wenye Xbox walifikia kuifunika kwa taulo ikiwa imewashwa, ijipike yenyewe, wakipata bahati wacheze siku mbili tatu zaidi. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo anayeipuliza bodi kwa hewa ya moto huku akichati kwenye simu asidharauliwe. Elimu yake ina wazee.

“Ilikuwa vumbi tu, bosi,” aliniambia akinikabidhi. Kisha akatoa skrubu moja iliyoviringishwa kwenye karatasi. “Hii haina kazi.”

Sifa ya kwanza ya mgonjwa wangu ni adabu. Mbele ya fundi ni mzima kabisa: anafungua Word, anacheza video, anaonyesha hali ya hewa ya Dar es Salaam bila kuulizwa. Ugonjwa anautunza mpaka nyumbani, gemu ianze, mfungaji wangu abaki na kipa. Hapo feni zinaunguruma, fremu 60 kwa sekunde zinashuka mpaka 15, yule mfungaji anaanza kutembea hatua moja moja, halafu giza. Mara nyingine, badala ya giza, inakuja ile skrini ya bluu ya Windows 10 yenye uso wa huzuni, mashine ikieleza kwamba imepata tatizo. Walau yenyewe inakiri. Aliyelipwa kuitengeneza hajafika huko. Tena tuwe wakweli: nikiwa nimeshafungwa tatu bila, kuzimika dakika ya 80 ni rehema.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Chukua suala la chaja. Mashine ilirudi na chaja nyeusi, ncha yake inaingia vizuri tunduni, taa inawaka. Nani angeuliza zaidi? Mgonjwa ndiye aliyenistua, maana kila nikicheza, asilimia za betri zilikuwa zikishuka huku waya upo ukutani. Ndipo unapojifunza kuigeuza chaja na kusoma maandishi ya mgongoni, yale yanayotaka macho ya kijana. Volti 19.5, ampea 4.62. Zidisha: wati 90. Chaja iliyozaliwa na mashine hii ni volti zilezile 19.5 kwa ampea 9.23, yaani wati 180. Volti zinalingana, ndiyo maana hakuna kilichoungua. Ampea ni nusu, ndiyo maana mashine ilikuwa ikila akiba ya betri, na ikiona haitoshi inajipunguzia mwendo yenyewe. Fizikia ya sekondari ilinipita bila kunigusa. Kuzidisha volti kwa ampea nimefundishwa na laptopu mbovu, na ada akachukua fundi.

Nilipoazima chaja ya wati 180, fremu zilirudi, na somo likahamia kwenye joto. Ipo programu ya bure, HWiNFO, inayosoma vipimajoto vya ndani. Niliiacha wazi pembeni ya gemu nikaona prosesa ikipanda: nyuzi 94, 97, kisha 100. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo hapo hapo, na zikifika zinapunguza mwendo zisiungue. Kumbuka pia kwamba Dar es Salaam ya Februari chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, na hakuna feni inayoweza kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Nikainua makalio ya mashine kwa vifuniko vya chupa za soda. Nyuzi zikapungua kidogo sana.

Nikafungua mfuniko wa chini. Kwenye bamba la shaba linalobeba joto, kando ya kila skrubu, kiwandani wamechapa namba. Ndivyo zinavyotakiwa kukazwa, kwa zamu, kidogo kidogo, ili bamba lilale sawasawa juu ya chipu. Penye namba 3 palikuwa na tundu tupu. Kumbe ile “isiyo na kazi” ilikuwa na kazi. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imepakwa kwa ukarimu wa arusini, imefurika hadi pembeni. Vile vipande laini vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu za kadi ya picha, viwili havikuwepo. Na RAM, iliyoondoka nyumbani vipande viwili, ilirudi kimoja. Nalisema hili bila kumshuku mtu.

Laptopu nzima ingenionyesha nini kati ya hayo? Ingewaka, ningecheza, ningelala mjinga.

Kuna na sifa ndogondogo. Inakusanya watu: jirani anasema ni Windows, shemeji anasema ni virusi, mzee mmoja wa mtaani kasema kwa upole niangalie nani ananionea kijicho. Tena haiazimwi. Kijana wa dada yangu, ambaye hakuna kitu chenye betri kilichowahi kumpita, aliigusa siku moja akairudisha mezani kwa heshima, akasema, “Mjomba, mimi ngoja nisome.”

Ualimu huo ndio ninaoingia nao dukani sasa kutafuta mrithi. Muuzaji huanza na taa za kibodi, nyekundu, kijani, zambarau. “Kaka, hii RTX 4060, inapiga gemu zote.” Mtu aliyeishi na mgonjwa anauliza swali la pili: ya wati ngapi? RTX 4060 ya laptopu imeruhusiwa na Nvidia yenyewe kuwa popote kati ya wati 35 na 115. Jina ni hilo hilo, kibandiko ni hicho hicho, mwendo ni mbali na mbali. Kisha ninauliza kama RAM ina nafasi mbili za kuchomeka au imelehemewa kwenye bodi, na ninaipindua kuangalia matundu ya hewa. Nyembamba ya kupendeza nawaachia wa ofisini. Mimi nataka nene, nzito, yenye feni mbili na matundu mapana, hata ikinivunja bega kwenye daladala.

Kwenye zilizotumika nje, zile zinazoshuka kutoka Dubai na Ulaya, usikubali kuambiwa “Core i7” pakaishia hapo. Uliza kizazi. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa upande wa Intel, ukiacha chache sana, inaanzia prosesa za kizazi cha 8. Mgonjwa wangu ni wa kizazi cha 7. Hata angepona kabisa, upande huo angebaki mlangoni.

Wapo watakaosema nunua ya mezani. Wana haki: inapoa vizuri na kila kipuri kinabadilika. Lakini umeme ukikatika, laptopu inakupa muda wa kuhifadhi gemu, ya mezani inakupa giza.

La mwisho dukani ni jaribio. Nenda na gemu kwenye diski yako ya nje, cheza nusu saa ukitumia chaja utakayopewa, siyo ya muuzaji, na asilimia za betri uzitazame. Akikuambia “inawaka, si umeona?”, mshukuru uende duka linalofuata. Kariakoo hayapungui.

Mgonjwa naye anauzwa. Skrini haina mstari, kibodi nzima, Word inafunguka bila kusita. Asichezeshwe gemu. Bei maelewano.